Mfarishi wa Mama Mmoja Kati Yetu

Vitambaa tunavipata kwa mafundi cherehani wa sokoni: mabaki ya vitenge ambayo yangechomwa moto. Tunavifua, tunavipiga pasi, tunakata vipande vya sentimita 15 kwa 15. Kuvipanga ndiko kunakotuchelewesha. Rangi hugombana, na sisi vilevile.

Mwaka jana mama mmoja kati yetu alilala katika Bwana, akaacha mfarishi haujaisha. Alikwisha kupiga bandi tabaka zote tatu: uso wa vipande, blanketi kuukuu la katikati, na shuka la chini. Mishono yake ya mwisho, mikono ikiwa imedhoofika, ilikwenda upogo. Baadhi yetu tulitaka ifumuliwe, maana kitu kinachotolewa kwa jina la Bwana kisiwe na kasoro. Wengine wakakataa katakata.

Tukafungua Matendo ya Mitume 9. Wajane wa Yafa walimwonyesha Petro mavazi aliyoyashona Dorkasi, huku machozi yakiwatoka; hatusomi popote kwamba mtu alikagua mapindo. Lakini Dorkasi alirudishiwa uhai, na sisi wa kwetu tulikuwa tumemzika. Sura ile ilitusomekea kwa shida.

Tukamalizia upande uliobaki, upogo tukauacha. Ilikuwa Julai, na baridi ya Njombe mnaijua. Tukampelekea mama aliyefiwa na mume, mwenye mtoto mchanga. Akapapasa ile mishono, akauliza nani aliyeshona hapa.

Tukamtajia jina.