Kabla Uambiwe Giaboksi Imeisha, Hesabu Meno

Kuna sentensi moja ambayo ukiisikia garajini, shika funguo zako kwanza halafu ndio uendelee kusikiliza: "Bosi, giaboksi imeisha." Si ati kila anayeisema ni mwongo. Giaboksi huisha kweli. Lakini mara nyingi hiyo sentensi inamaanisha sijui shida iko wapi, na kutoa kitu kizima ni rahisi kuliko kutafuta.

Anko wangu aliambiwa hivyo mwaka huu. Gari ni Hilux Surf ya 1997, dizeli ya 3.0, otomatiki ya gia nne. Hii sio gari ya kupiga picha Jumapili. Inabeba dawa za mifugo kutoka Nyahururu hadi maduka ya upande wa Maralal, na ndiyo ilinilipia semesta tatu za uhandisi kabla pesa ikatae na mimi nikarudi nyumbani. Kwa hivyo mtu akisema zitoke 95,000 za giaboksi ya mitumba, hiyo si pesa ya anko peke yake. Binamu zangu wawili bado wako sekondari.

Historia ni fupi. Anko alitoa matairi ya 265/70R16 akaweka 285/75R16, juu barabara za huko zinakula gari kutoka chini. Gari ikawa nzito kuondoka, hasa ikiwa imebeba. Garaji moja ikamshauri abadilishe meno ya difu ya nyuma, kutoka 3.909 hadi 4.30. Gari ikarudi iko na nguvu kweli, lakini kila ikibadilisha gia inapiga teke. Ikitoka ya kwanza kuingia ya pili, kichwa kinaenda mbele kinarudi, na makatoni nyuma yanahama. Akairudisha palepale. Ndio akapewa ile sentensi.

Sasa toa kalkuleta ya simu. Usiogope, hii ni hesabu ya shule ya msingi.

Ndani ya difu kuna gia mbili kubwa za kujua: pinioni, ile ndogo inayozungushwa na propela, na kraun, ile pana inayozungusha magurudumu. Seti ya zamani ilikuwa meno 43 kwa 11. Gawanya, unapata 3.909, yaani propela inazunguka karibu mara nne ndio gurudumu lizunguke mara moja. Seti mpya ni 43 kwa 10, ambayo ni 4.30. Ongezeko la asilimia 10. Tairi nayo: ya zamani ikisimama ina kimo cha kama milimita 777, mpya ni 834. Ongezeko la asilimia 7.3. Tairi kubwa inanyang'anya gari nguvu, meno mapya yanairudisha. Ukilinganisha hizo mbili, unabaki na tofauti ya asilimia 2.5 na vile gari ilivyokuwa na matairi yake ya kwanza.

Asilimia 2.5, wasee. Hata spidi kwenye dashibodi imerudi karibu na ukweli. Wakati wa matairi makubwa na meno ya zamani, mshale ukisema 100 gari ilikuwa inaenda kama 107, na hiyo huwezi kumweleza afisa aliye na kamera ya spidi. Saa hii ukisema 100 ni kama 97 na nusu.

Kwa hivyo ushauri wa kubadilisha meno ulikuwa mzuri. Na ni kweli kwamba difu ikizidisha nguvu ya injini, inazidisha pia mshtuko wa gia, kwa asilimia zilezile 10. Lakini asilimia 10 haiwezi kugeuza gia laini kuwa teke la punda. Ikiwa teke ni kubwa hivyo, kuna kitu kingine kilikuwepo tayari, na meno mapya yamekipatia spika.

Kingine cha kujua ni kwamba giaboksi ya hii gari haijui kama difu imebadilishwa. Sensa yake ya spidi iko kwenye giaboksi yenyewe, inasoma shafti ya kutokea, mambo ya huko nyuma haiyaoni. Gari za kisasa ni hadithi tofauti. Chukua Jeep Wrangler JK: ukubwa wa tairi na namba ya difu vimeandikwa ndani ya kompyuta. Ukibadilisha meno bila kuiambia, inapiga hesabu kwa namba za zamani, inabadilisha gia wakati usiofaa, na hakuna spana itakusaidia hapo. Unahitaji kifaa cha kuandika namba mpya, halafu unaiendesha mpaka izoee. Kama gari yako ni ya aina hiyo, anzia hapo, kabla mtu hajalala chini yake.

Kwa Surf, tulianza na ushahidi wa bure. Toyota za miaka hiyo ziko na kisanduku kidogo cha plagi ndani ya boneti, kimeandikwa majina ya matundu. Unaunganisha TE1 na E1 kwa kawaya, unafungua swichi bila kuwasha injini, swichi ya overdrive ikiwa imewashwa, halafu unaangalia taa ya O/D OFF. Kama kompyuta ya gia imerekodi kosa, taa inapepesa kwa mafungu unayoweza kuhesabu. Ikipepesa haraka kwa mwendo mmoja tu bila kupumzika, hakuna kosa. Yetu ilipepesa kwa mwendo mmoja. Mafuta ya gia tuliyapima injini ikiwa moto na inanguruma, lever ikiwa kwa P: kiasi kilikuwa sawa, rangi bado nyekundu, hayanuki kuungua. Klachi zikiwa zimekwisha ndani, mafuta mara nyingi huwa meusi na harufu unaijua. Hiyo yote ilichukua dakika ishirini. Anko alikuwa amesimama na chai yake akiniita "injinia", na hakuwa anasifu.

Halafu kuna jaribio moja ambalo nataka ulikumbuke hata ukisahau zingine. Endesha kama 40 kwa saa, barabara tambarare, gari ikiwa imetulia kwa gia moja. Toa mguu kwa akselereta. Kanyaga tena polepole. Gia haijabadilika hapo. Ukisikia "ko!" chini ya gari, hiyo sauti haitoki kwa kubadilisha gia, ni kitu kilicholegea kati ya giaboksi na gurudumu. Surf ilisema ko. Ikasema ko tena.

Tukaweka mawe kwa magurudumu, injini imezimwa, gia kwa N, nikalala chini na kuzungusha propela kwa mkono. Spaida ya nyuma ilikuwa inacheza mpaka unaona kwa macho. Difu nayo ilikuwa na nafasi nyingi kabla meno yakutane. Hapo nikajua tunahitaji mtu wa kupima. Fundi mmoja mzee alikubali kufungua akiwa na ile saa ndogo ya kupimia, daili geji. Kwa difu hii ya Toyota, nafasi kati ya meno ya kraun na pinioni inatakiwa iwe kati ya 0.13 na 0.18 mm. Yetu ilisoma 0.41. Waliofunga walikuwa wamekadiria kwa mkono. Mzee akapaka rangi kwenye meno, akazungusha, akaangalia meno yanagusana wapi, akahamisha kraun, akapima tena. Alirudia mara nne bila kuongea na mtu. Nilirekodi video yote na hakuna sehemu ya kukata, ni mtu tu anafanya kazi.

Ile ko ikaisha. Teke likapungua lakini likabaki, hasa ukiendesha polepole na mguu mwepesi. Hiyo nayo ni dalili. Ukikanyaga kidogo, presha ya mafuta ndani ya giaboksi inatakiwa kuwa ndogo, ili klachi zishike taratibu. Zikishika kwa ukali ukiwa na mguu mwepesi, shuku presha imezidi.

Kwenye hii gari, kompyuta ndiyo huamua gia ibadilike lini, lakini presha inafuata kebo inayotoka upande wa akselereta kuingia giaboksi. Kwa waya wa hiyo kebo kuna kifundo kidogo kimebanwa. Akselereta ikikanyagwa mpaka mwisho, nafasi kati ya kifundo na mdomo wa ganda la kebo inatakiwa iwe 0 hadi 1 mm. Yetu ilikuwa zaidi ya 5. Tulipomuuliza anko, akakumbuka: wakati gari ilikuwa nzito na yale matairi, kuna mtu "aliikaza kidogo ishike vizuri". Basi. Kebo ilikazwa kusaidia gari nzito, meno yakaja kuondoa uzito, na hakuna aliyekumbuka kuirudisha. Nati mbili, spana ya 12.

Tafadhali usiilegeze kupita hapo ati ndio gia iingie kama siagi. Presha ikiwa chini mno klachi zinateleza badala ya kushika, na hapo sasa utaiua giaboksi kweli.

Bei: spaida, mafuta ya difu, sili, na kazi ya mzee, 11,300 zote. Kati ya hizo, kazi ya kupima alitoza 4,000, na anko alijaribu kuipunguza! Mtu ambaye alikuwa tayari kuanza kutafuta 95,000. Hapo ndipo nasema makosa si ya mafundi peke yao. Tunalipa bila swali kwa kitu cha chuma tunachoweza kushika, lakini saa nzima ya mtu kufikiri tunaona ni kama hajafanya kazi. Fundi akijua hutalipa kutafuta, atakuuzia cha kubadilisha. Mimi ningekuwa yeye, kodi ya banda ikingoja, sijui kama ningefanya tofauti.

Lakini kuna jambo siwezi kulitetea. Ile garaji ya kwanza ilibadilisha meno ya nyuma pekee, ikasema ya mbele "itapatikana baadaye", na haikumwambia anko asiguse 4WD. Ukiendesha kwa magurudumu ya nyuma tu, hakuna shida. Ukiingiza 4WD, ekseli ya mbele inataka 3.909 na ya nyuma 4.30, zimefungwa pamoja, kila moja inavuta spidi yake. Kwa matope tairi litateleza likusamehe. Kwa lami au mawe makavu kitu kitavunjika, na huko anakoenda hakuna mtu wa kumvuta.

Seti ya mbele ya 4.30 bado tunatafuta Kirinyaga Road, mwezi wa pili sasa. Ile lever ya 4WD nimeifunga na solotepu nyekundu, na anko ameandika juu yake kwa kalamu: "Usiguse. Injinia."