Kuharibikiwa na Gari Katika Nchi ya Watu

Yamekwisha kuandikwa mengi juu ya safari za miguu, za meli na za gari la moshi, lakini ni machache juu ya mtu aendaye nchi ya wenzake kwa gari lake mwenyewe, likamharibikia huko. Wala si jambo dogo. Abiria, gari likiharibika, hushuka, akanung'unika kidogo, akapanda lingine. Mwenye gari lake hana pa kushukia, kwani gari lile ndilo nyumba yake na sanduku lake na kitanda chake, na namba iliyo nyuma yamwambia kila apitaye kwamba huyu si wa hapa. Za Unguja huanza kwa Z. Yetu ilianza kwa K.

Sisi tulikuwa walimu watatu kutoka Taita, nchi ya Kenya. Katika likizo ya Desemba 2023 ndugu wa mmoja wetu alituazima Hiace yake kuukuu. Viti vya nyuma viliondolewa, na seremala wa kwetu akatupigia vitanda vya mbao, pakabaki nafasi ya jiko, ndoo ya maji, na friji ndogo itumiayo umeme wa gari. Friji ile haikuwekwa kwa anasa. Mwenzetu mkubwa, aliyetutangulia kazini miaka mingi, ana ugonjwa wa kisukari, naye hujidunga insulini asubuhi na jioni. Dawa hiyo kabla ya kufunguliwa hutakiwa kukaa katika baridi ya nyuzi 2 mpaka 8, wala isigande. Ikiisha kufunguliwa, yaweza kukaa nje ya friji kwa majuma manne hivi, mradi joto lisizidi nyuzi 30. Na gari lililofungwa madirisha, likiwa juani, hupita nyuzi 40 kwa muda mfupi. Tuliyajua hayo kabla ya kutoka, na ndiyo sababu ya friji.

Habari za njiani hatutaziandika. Tulivuka mpaka Taveta, tukapita Moshi, Korogwe na Chalinze hata Dar es Salaam, na huko gari likapakiwa katika meli ichukuayo magari, tukashuka Unguja. Mji Mkongwe haukujengwa kwa ajili ya magari. Vichochoro vyake vingi ni vya miguu, na kwa bahati mbaya vya vespa pia. Basi tuliliacha gari upande wa Darajani, pale ambapo zamani palikuwa na daraja juu ya mkono wa bahari uliotenga mji wa mawe na Ng'ambo, kabla mkono huo haujafukiwa. Tukaenda kwa miguu mpaka Mkunazini, tukaliona kanisa lililoanzwa kujengwa mwaka 1873 mahali palipokuwa soko la watumwa. Siku ya pili yake, ambayo ilikuwa Alhamisi, tulishika njia ya kusini-mashariki kwenda Jambiani kwa mwalimu rafiki yetu. Tulikusudia kulala huko usiku mmoja tu. Meli tuliyoilipia ilikuwa ya Jumamosi, na karatasi ya forodha ya gari ilikuwa inakwisha Jumapili.

Tulipita Tunguu, kisha msitu wa Jozani, ambako barabara imewekwa matuta ili magari yapunguze mwendo, wasigongwe wale kima punju ambao asili yao ni kisiwa hiki tu. Tukakaribia Kitogani, mahali njia zinapogawanyika, moja ikienda Paje na nyingine Muyuni na Kizimkazi. Hapo mshale wa joto ukapanda ghafula, na mvuke ukatoka chini ya viti vya mbele, kwani injini ya Hiace hukaa chini ya dereva. Akalizima gari papo hapo, tukaruka nje, tukafungua milango yote.

Mtu mmoja apitaye kwa pikipiki alituambia tufungue kifuniko cha rejeta tumwagie maji. Hatukufanya hivyo, na hapa tungependa wenye magari wasikilize. Maji ya rejeta hayachemki kwa nyuzi 100 kama maji ya sufuria, kwa sababu kifuniko huyabana. Yaweza kufika nyuzi 115 nayo yakali maji. Anayekifungua hali injini ina moto huondoa kibano hicho mara moja, na maji humrukia usoni pamoja na mvuke. Ngoja nusu saa, au hata saa nzima.

Karibu na barabara palikuwa na nyumba, na bibi mtu mzima ameketi barazani akisuka ukili. Tukamwamkia, "Shikamoo, bibi." Akajibu, "Marahaba, wanangu. Kimekufikeni nini?" Tulipomweleza, alisema "Poleni," kisha akamtuma mjukuu wake kumwita fundi, akaingia ndani akarudi na kata ya maji ya kunywa. Hakuuliza tumetoka wapi mpaka tulipokwisha kunywa.

Fundi alikuwa kijana wa miaka 25 hivi, mtengenezaji wa vespa na wa gari za shamba. (Watu wa Unguja huita shamba pahali popote pasipo mji, hata pasipolimwa kitu.) Alitusalimu kwa adabu, akalala chali chini ya gari, na baada ya kitambo kidogo akasema, "Mpira umepasuka." Mmoja wetu akazunguka gari akigonga magurudumu yote manne kwa mguu, akayakuta mazima. Maana kwetu mpira ni ule wa kuchezea, na wa gurudumu twauita tairi. Lakini yeye hakuwa akisema hata juu ya huo. "Si mpira wa gurudumu, mwalimu wangu," akasema akicheka, "ni mpira wa maji, huu wa juu, uendao kwenye rejeta."

Jambo hili lilituchekesha sisi pia, tuliofundisha Kiswahili zaidi ya miaka ishirini. Kiswahili cha vitabu vya shule kimejengwa juu ya Kiunguja. Ndivyo ilivyokubaliwa katika mkutano wa Mombasa mwaka 1928, na Kamati ya Lugha iliyoanzishwa mwaka 1930 ikaishika kazi ya kukisanifu. Basi tulikuwa nyumbani kwa lugha yenyewe. Lakini mabwana wa kamati ile hatudhani kama walilala chali chini ya motokaa. Maneno ya gereji yamejizalia yenyewe, kila mji na yake, na mwalimu akifika hapo huwa mwanafunzi.

Kisha fundi akachomoa kijiti cha oili, naye hakucheka tena. Tulielewa anatafuta nini. Injini ikipata moto mno, gasketi ya kichwa chake huweza kuungua, maji yakaingia katika oili, na oili ikawa na rangi ya chai ya maziwa. Gari likifikia hapo, safari yetu imekwisha. Tungeliacha Unguja na kurudi kwetu kwa miguu ya wengine, na siku za forodha zikipita tutozwe faini. Akakipangusa kijiti kwa kitambaa, akakitumbukiza tena, akakichomoa, akatuonyesha. Oili ilikuwa nyeusi. "Alhamdulillahi," akasema, nasi tukamshukuru Mungu kwa maneno yetu.

Sasa ikawa shauri. Mpira mpya haupatikani ila mjini, na jua lilikuwa linaelekea kuchwa. Mwenye gari moja la mizigo alisimama, akataka kutuvuta mpaka mjini usiku ule, kwa fedha iliyozidi nusu ya zile tulizobaki nazo. Mmoja wetu alitaka tukubali, tena alikuwa na sababu nzuri: injini imezimwa, kwa hiyo friji inakufa, na chupa tatu za dawa zimo ndani. Fundi akasema duka la jirani lina friji, lakini mtoto aliyetumwa huko akarudi na habari kwamba umeme umekatika tangu adhuhuri.

Bibi alikuwa akisikiliza huku anasuka. Akauliza, "Dawa yenyewe yataka barafu?" Tukamjibu kwamba haitaki barafu, bali haitaki joto. Akasema, "Basi nileteeni." Ndani ya nyumba palikuwa na mtungi wa udongo uliowekwa penye mchanga uliolowa, mahali pa kivuli pepo zinapopita. Tukazitia zile chupa katika chupa pana ya kioo yenye kifuniko cha kukaza, tukaielekeza ndani ya mtungi, ikaelea. Bibi akatuambia kwamba wao wameuzoea mtungi tangu umeme ulipokatika kisiwa kizima kwa miezi mitatu, kutoka Desemba 2009 mpaka Machi 2010, kwani umeme wa Unguja hutoka bara kwa waya uliolazwa chini ya bahari, na siku ile ulipokosa kufika hapakuwa na mwingine. Waliokuwa na mafriji, alisema, waliyafanya makabati ya nguo.

Baridi ya mtungi si ya friji. Maji hujipenyeza katika udongo na kukauka juu yake, na kule kukauka ndiko kunakouchukua moto. Basi pwani, ambako hewa ina unyevu mwingi, kazi hiyo huwa dhaifu kuliko kwetu milimani. Mgonjwa wetu aliyajua hayo, maana amefundisha sayansi, naye hakukubali kwa kusikia tu. Alichukua kipimajoto cha ndani ya friji yetu, akakitia pamoja na dawa, akaketi kungoja. Nje kilikuwa kimesoma 31. Baada ya saa moja na nusu kilisoma 27. Akatuambia, "Waambieni wenye gari waende zao salama. Mimi nalala hapa." Nasi hatukuwa na la kusema, kwa kuwa mwili ni wake.

Fundi alikata mpira wa ndani wa baiskeli kuwa vipande virefu, akaufunga ule uliopasuka, tabaka juu ya tabaka, akakaza kwa waya. Kifuniko cha rejeta akakiacha hakikukazwa sana, ili kibano kisiupasue tena. Kwa namna hiyo gari linaweza kwenda pole pole kwa muda mfupi, nalo lilikwenda mpaka uani kwake. Sisi tulikuwa tumechota maji ya kisima, naye akayakataa. Upande ule wa kisiwa ni wa mawe ya matumbawe. Mvua hupenya mara moja, na maji matamu hukaa kama ukanda mwembamba juu ya maji ya chumvi. Maji ya visima vyake huchukua chokaa na chumvi, na rejeta huzibwa na kuliwa nayo. Aliyatia kidogo tu ya kufikia uani, akasema ya kudumu yatakuwa ya mvua, kutoka tangi la mjomba wake.

Jioni bibi alimwuliza mgonjwa, peke yake na kwa sauti ya chini, ale nini na asile nini. Mwenye kujidunga dawa hiyo lazima ale kwa wakati wake, na ugenini ni taabu kumwambia mwenyeji kwamba wali wake mzuri utaliwa kijiko kimoja. Alimpa samaki na mchicha na wali kiasi cha kiganja, akatupa sisi wengine sahani zilizojaa, wala hakulitaja tena.

Kesho yake ilikuwa Ijumaa, na maduka hufungwa watu waendapo kusali adhuhuri. Mmoja wetu alipanda gari la abiria alfajiri. Fundi alimpa ule mpira uliopasuka akamwambia, "Usiseme neno dukani, weka huu juu ya meza." Mtu wa duka la kwanza alitoa mwingine wenye unene ule ule, lakini kona yake ilikuwa nyingine, na mpira wa maji ukilazimishwa kona isiyo yake hukunjana na kuzuia maji. La pili halikuwa nao. La tatu lilikuwa nao, na bei ilikaribiana na ile ambayo fundi alikuwa ameiandika kwenye karatasi. Akarudi Kitogani watu wakitoka msikitini.

Kazi yenyewe haikuchukua saa moja. Fundi aliingiza maji ya mvua, akaliwasha gari kifuniko kikiwa wazi, akangoja mapovu ya hewa yaishe, akaongeza maji, akangoja tena. Kisha akaliendesha mpaka Paje na kurudi, akiutazama mshale kuliko alivyoitazama barabara, jambo ambalo hatukulipenda. Alitutoza shilingi 15,000 za kazi yake. Tulimwongezea, akapokea bila maneno mengi. Bibi alikataa fedha kabisa. Tulimnunulia kilo mbili za sukari, na aliyekwenda dukani kuinunua ni mwenzetu mgonjwa, bibi akacheka hata ukili ukamdondoka.

Jambiani hatukuiona. Rafiki yetu alikuja mwenyewe Kitogani jioni ile, tukazungumza naye barazani kwa bibi mpaka usiku. Jumamosi tulivuka, na Jumapili jioni, baada ya kuendesha tangu alfajiri, tukafika mpakani Holili. Karani wa forodha aliitazama karatasi, akaitazama saa ya ukutani, akapiga muhuri.

Mpira ule wa zamani uko shuleni kwetu hata sasa, pamoja na vipande vya mpira wa baiskeli, na mwenzetu huutumia katika somo la nguvu ya mvuke. Pale ulipopasuka panaingia vidole vitatu vya mtoto.