Kupandisha Spring Boot wakati watu wako katikati ya fomu

Leo tunaongea Java, lakini wewe usiye mwanaprogramu usikimbie, maana jambo hili linakuhusu kila unapojaza fomu mtandaoni.

Itifaki ya HTTP haina kumbukumbu. Ukibofya mara ya pili, seva haikujui kabisa. Ndiyo maana Lou Montulli wa Netscape alibuni kuki mwaka wa 1994. Fikiria supamaketi ile wanayokuambia uache mkoba kwenye kaunta: unapewa kadi yenye namba, mkoba unabaki kwao. Kadi ni kuki, inakaa kwenye kivinjari chako. Mkoba ni sesheni, unakaa kwa seva. Ndani yake mna jina lako, ushahidi kwamba umeingia kwa nywila yako, na pengine nusu ya fomu uliyokwisha kujaza.

Mimi natunza mfumo wa mikopo wa sacco moja (jina tuliache). Fomu ya mkopo ina kurasa saba. Wanachama wengi huijazia saiba wakilipa kwa dakika, na wengine wamepanda matatu kuja mjini kwa shughuli hiyo tu. Ukimpotezea mtu huyo mkoba akiwa ukurasa wa sita, umemlia pesa na siku nzima.

Basi tukaamua kutoka Spring Boot 2.7, ambayo toleo lake la mwisho la bure lilitoka Novemba 2023, kwenda 3. Watu hulalamikia sana kuhama kutoka javax hadi jakarta, jina lililoletwa na Jakarta EE 9 mwaka wa 2020. Ni kazi ya kuchosha, kweli, lakini kompaila inakuonyesha mistari mingi iliyobaki. Sesheni haina wa kukuonya.

Tuna seva mbili, na sesheni tunaziweka kwenye Redis kupitia Spring Session. Usipobadilisha mpangilio, hufungwa kwa utaratibu wa Java wenyewe wa kugeuza kitu kuwa baiti. Klasi hubeba namba ya toleo iitwayo serialVersionUID. Wakati wa kufungua, namba iliyo kwenye baiti isipolingana na ya klasi, Java hukataa na kukurushia InvalidClassException. Na jamaa wa Spring Security, hadi mwaka wa 2024, walikuwa wakiibadilisha namba hiyo makusudi toleo hadi toleo. Hawajaahidi kwamba 6 itasoma kilichoandikwa na 5.

Kwenye mashine ya majaribio niliona sura yake. Mtu aliyeingia kabla ya mabadiliko anapata kosa la 500. Anafungua ukurasa upya, 500 tena, kwa sababu kadi bado anayo na mkoba bado uko kaunta, ila karani mpya hawezi kuufungua. Hawezi hata kufika ukurasa wa kuingia! Ukibadilisha seva moja baada ya nyingine ni balaa zaidi, maana ya zamani nayo haisomi mikoba ya mpya.

Njia rahisi ni kuipa programu mpya jina lingine la eneo ndani ya Redis. Haitaiona mikoba ya zamani, watu wataingia upya, basi. Kwa tovuti ya habari ningeishia hapo. Kwa fomu ya kurasa saba haitoshi.

Mwenzangu alipendekeza tuandike kifunguzi kinachoruka kile kisichosomeka na kubakiza majibu ya fomu, kwani Spring Session huweka kila kitu cha sesheni mahali pake ndani ya Redis. Ni hila nzuri, lakini nilikataa. Saiba kompyuta ni ya kila mtu. Anayeingia baadaye kwa jina lake angeweza kukuta mshahara na wadhamini wa aliyetoka hapo dakika kumi zilizopita.

Tulichofanya ni kuitoa fomu kwenye sesheni kabisa. Wiki tatu kabla ya kupandisha, tukiwa bado kwenye 2.7, kila ukurasa ulianza kuhifadhiwa kwenye hifadhidata chini ya namba ya mwanachama. Usiku wa kuhama sesheni zilipotea zote, na mtu akiingia upya anakuta fomu ilipokuwa.

Kuna jambo jingine linalofanana na hili, nalo si hili. Kwenye Spring Security 6, kama una msimbo wako mwenyewe wa kuingiza watu, ni lazima uhifadhi utambulisho kwenye sesheni kwa amri wazi. Zamani kichujio kilikufanyia. Usipofanya hivyo mtu anaingia vizuri, akibofya tena anarudishwa mlangoni. Utapekua Redis usiku kucha na Redis haina kosa. Tafuta SecurityContextRepository, uite saveContext mara tu baada ya nywila kukubaliwa.