Nanga ni Ndugu ya Plau

Mimi ni mama mkulima. Naishi kando ya Ghuba ya Speke, wilaya ya Magu, mkoa wa Mwanza. Nalima mahindi, mpunga na pamba kwa plau la maksai. Marehemu mume wangu aliniachia pia mtumbwi wa mbao wenye tanga. Mwanangu mkubwa na wenzake wawili huvua dagaa kwa mtumbwi huo. Huondoka jioni, hurudi asubuhi.

Mtumbwi ni mali. Lakini watu watatu walio ndani yake wana thamani kubwa zaidi. Kwa hiyo nataka tuzungumze juu ya kitu ambacho wengi hununua mwisho, kama fedha zimebaki. Kitu hicho ni nanga na kamba yake.

UPEPO WA USIKU

Ziwa Victoria ni kubwa. Eneo lake ni kama kilometa za mraba 68,800. Mchana nchi kavu hupata joto upesi, na upepo huvuma kutoka ziwani. Usiku nchi kavu hupoa, lakini maji hubaki na joto. Basi upepo hugeuka na kuvuma kuelekea ziwani. Hewa ya joto juu ya maji hupanda na kufanya mawingu makubwa. Ndiyo maana dhoruba nyingi za ziwani hutokea usiku na alfajiri, wakati wavuvi wa dagaa wako kazini.

Upepo ukiwa mkali, tanga haliwezi kupandishwa. Mtumbwi usio na mashine hubaki na msaada mmoja tu, nao ni nanga.

FEDHA ZA PAMBA

Mwaka 2019, baada ya kuuza pamba, tulikuwa na fedha za kununua kitu kimoja tu cha mtumbwi. Mwanangu akasema, "Mama, tununue nanga nzito ya chuma. Kamba yetu ya pima 8 inatosha. Pale tunapovua kina ni pima 4 tu."

Nikamwuliza, "Mwanangu, ukifupisha mnyororo wa plau, plau linafanyaje?"

Akajibu, "Linapanda juu, mama. Halilimi."

"Na ukiurefusha?"

"Linaingia chini."

Nikamwambia, "Basi nanga ni ndugu ya plau."

Akanyamaza. Kisha akachukua jembe, akafunga kamba kwenye mpini karibu na chuma, akaenda nalo mchangani. Alipovuta kamba akiwa ameiinamisha karibu na ardhi, jembe lilijichimbia. Alipovuta kuelekea juu, jembe liling'oka mara moja. Siku ile tuliamua kununua kamba ndefu. Nanga yetu ndogo tukabaki nayo. Tanga la zamani tukalitia viraka.

KAMBA IWE NDEFU KIASI GANI?

Pima kina cha maji. Ongeza kimo cha mbele ya mtumbwi kutoka majini. Kisha zidisha mara 5. Kama jumla ni pima 4, toa kamba ya pima 20. Upepo ukiwa mkali, zidisha mara 7, yaani toa pima 28. Sisi tulinunua kamba ya pima 30.

Kati ya kamba na nanga tuliweka mnyororo wa pima 2. Uzito wa mnyororo huilaza kamba chini, ili nanga ivutwe kwa ulalo. Tena mnyororo haukatwi upesi na mawe.

KAMBA GANI?

Kamba ya nailoni ni nzuri kwa nanga. Inazama, ina nguvu, na inavutika kidogo wimbi linapopiga. Hivyo haing'oi nanga kwa kishindo. Kwa mtumbwi mdogo, kamba yenye unene wa kidole kidogo cha mkono inafaa. Kamba nyingi za plastiki za rangi huelea. Kamba inayoelea hunaswa na mitumbwi mingine. Ukiwa dukani na huna hakika, omba kipande kidogo ukitie katika ndoo ya maji. Nailoni itazama.

Kamba ya katani ina nguvu ikiwa mpya, lakini huoza ikihifadhiwa na maji. Ukiitumia, ianike kila siku na uikague.

NANGA GANI?

Wavuvi wengi hutumia jiwe. Mawe hapa kwetu hayana bei. Lakini jiwe hupoteza zaidi ya theluthi moja ya uzito wake likiwa majini. Jiwe la kilo 27 huko chini ni kama la kilo 17 tu. Tena jiwe halina makucha. Upepo ukizidi, linaburuzwa.

Nanga ya makucha manne, inayotengenezwa na fundi wa kuchomelea kwa nondo, hushika vizuri penye mawe. Lakini penye tope makucha membamba hupita kama kidole katika uji. Penye tope au mchanga, mwambie fundi aweke mabapa mapana kama ya jembe.

Utajuaje chini kuna nini? Funga kipande cha chuma kwenye kamba, ukipake sabuni laini upande wa chini, ukishushe. Kikirudi na mchanga au tope, utaona. Kikirudi kitupu, huenda ni mwamba.

KAZI YA KUTIA NANGA

Kwanza funga mwisho wa kamba kwenye mtumbwi. Wako waliotupa nanga na kamba yake yote ikaenda. Shusha nanga polepole kutoka mbele, si nyuma. Mtumbwi uliofungwa nyuma huingiwa na mawimbi. Kamba inapopita ukingoni, izungushie kipande cha mpira au gunia isilike.

Kisha tazama vitu viwili vya nchi kavu vilivyo katika mstari mmoja, kama mti na jiwe kubwa. Mstari ukizidi kuharibika upande mmoja, nanga inaburuzwa. Gizani shika kamba kwa mkono. Ikitetemeka kama baiskeli katika njia ya mawe, nanga haijashika. Toa kamba zaidi.

USIKU WA NOVEMBA

Novemba 2019 dhoruba ilikuja alfajiri. Mitumbwi miwili ilikuwa imetia nanga mahali pamoja. Mmoja ulikuwa na jiwe kubwa na kamba fupi. Ulisukumwa hadi kwenye mawe ya kisiwa kidogo, mbao zikapasuka, wavu ukapotea. Watu wake walipona kwa kushikilia mawe. Mtumbwi wetu ulikuwa na nanga ndogo na pima 28 za kamba majini. Haukuondoka mahali pake. Kulipokucha, mwanangu na wenzake ndio waliokwenda kuwachukua wale majirani.

Ndugu wasomaji, kabla ya kwenda ziwani sikilizeni redioni utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania. Vaeni majaketi ya kuokolea. Na kabla ya kununua nanga nzito, pimeni kwanza kamba mliyo nayo. Nyosheni mikono, hesabuni pima moja moja. Hesabu hiyo haina gharama.