Joho la Baba na Nondo wa Madoa Matatu



Sisi ndugu wawili tulifika London wiki tatu kabla ya nikaha ya mtoto wa kaka yetu. Kitu cha kwanza tulichouliza ni joho la sufi la marehemu baba, ambalo bwana harusi angelivaa. Wifi yetu akalitoa kabatini, tukalikunjua. Begani matundu saba!

Mbele yake hatukusema neno. Usiku chumbani tukamsema: kalichoma, hajali vitu vya kwetu.

Siku ya tatu tulipofungua kabati, kidudu kama punje ya mchele kikakimbilia gizani badala ya kurukia taa. Tukakipiga picha kwa simu, tukaikuza. Kichwani manyoya ya manjano. Mabawa ya kahawia iliyofifia, na kila bawa la mbele lina madoa matatu meusi, moja kubwa kuliko mengine. Huyo ni nondo wa nguo aitwaye Tinea pellionella. Mwenzake, Tineola bisselliella, ana rangi ya majani makavu yenye kung'aa, wala hana doa.

Ila madoa hufifia nondo akichakaa, kwa hiyo tukatafuta ushahidi wa pili. Kwenye mikunjo tukakuta vifuko vidogo vya nyuzi za sufi, rangi ileile ya joho. Kiwavi wake hutembea na kifuko hicho, na yeye ndiye mla nguo. Nondo mkubwa hali chochote.

Hapo tukanyamaza. Viwavi hawa hupenda sana sufi yenye jasho na mabaki ya chakula. Na nani alilikunja joho lile baada ya harusi ya mwisho bila kulisafisha, akalifukiza udi tu, akampa wifi aliweke? Ni sisi.

Suratul Hujurat inatukataza dhana mbaya na kusengenyana. Tukamwendea wifi, tukamwomba radhi. Alilia, akatusamehe.

Joho tulilipiga brashi, tukalifunga kwenye mfuko wa plastiki, likakaa kwenye friza wiki mbili. Kisha tukaziba matundu kwa uzi wa sufi, na bwana harusi akalivaa.

Bibi harusi, safisha nguo za sufi na hariri kabla hujazikunja. Na kabla hujamhukumu wifi yako, angalia kwanza ndani ya mikunjo.

Allah azitakase nyoyo zetu. Amin.