Mjomba wangu wa Zuzu na swali la "Kanada ipi?"

Msomaji wangu, kama na wewe umo kwenye kundi la wanaolala wakiota mamtoni, vuta kiti nikupe mkasa wangu. Nilikwenda Zuzu kuuza shamba ili nipande ndege. Nimerudi na shamba langu, na akili kidogo.

Zuzu unaijua? Usione haya kama huijui. Iko magharibi ya mji wa Dodoma, kwenye ile reli ya zamani ya Mjerumani iliyofika Dodoma mwaka 1910, inayoendelea Bahi, Tabora hadi Kigoma. Siku hizi kufika huko si kazi. Nilitoka Dar kwa treni ya umeme, ile iliyoanza kubeba abiria mpaka Dodoma Julai 2024, na kabla usingizi haujanoga nikaambiwa tumefika. Mjini nikadaka bodaboda, vumbi likanipaka rangi mpaka kope.

Zuzu ni mibuyu, mbuzi, upepo na minara ya umeme. Hapo kuna kituo kikubwa cha kupozea umeme, na nyaya za kilovolti 400 zinazotoka Iringa zinapita kuelekea Singida na Shinyanga. Mimi ni fundi umeme mwenye diploma, nina miaka 27. Nikiiona minara ile huwa nasimama kama mtu aliyeona gari la ndoto zake.

"Mbukwa!" mjomba akaniita kutoka chini ya mti. Nikamwamkia shikamoo, nikakaa. Sikungoja hata maji. Nikamweleza kwamba kuna jamaa mmoja Dar ananipeleka Kanada kwa milioni 12. Ananipa barua ya kazi, kila kitu. Kwa hiyo zile ekari mbili alizotuachia marehemu mama, ambazo mjomba anazitunza, tuziuze haraka. Jamaa ametoa wiki moja tu.

Mjomba akatafuna kijiti chake cha meno. Akauliza, "Kanada ipi?"

Nikacheka. "Kanada ni Kanada, mjomba."

"Hata Tanzania ni Tanzania. Lakini Dar siyo Zuzu. Huko utashukia Dar yao au Zuzu yao?"

Ebwana, nikakosa jibu. Milioni 12 za shamba la mama, na sijui nakwenda kukaa wapi!

Usiku, baada ya ugali wa uwele na mlenda, nilitoka nje na simu. Zuzu ukikaa pembeni ya nyumba mtandao unashika vizuri. Nikasoma mpaka jogoo la kwanza. Ngoja nikupe kwa ufupi, maana wengi tunaibiwa kwa kutojua tu.

Kanada haina mlango mmoja. Majimbo yake mengi yana mpango wa kuchagua wahamiaji wao wenyewe kulingana na mafundi wanaowahitaji. Quebec wao wana utaratibu wao kabisa, na Kifaransa ndiyo ngao. Jimbo likikuteua kupitia ule mfumo wa pointi wa taifa ulioanza 2015, unaongezewa pointi 600, yaani umeshavuka mto. Lakini foleni si ya mchezo. Mwaka 2024 serikali yao ililenga kupokea watu 110,000 kwa njia ya majimbo; mwaka 2025 lengo likashushwa hadi 55,000. Anayekwambia ni chapuchapu anakufunga kamba.

Halafu kuna majimbo manne ya pwani ya Atlantiki: Nova Scotia, New Brunswick, Prince Edward Island, na Newfoundland na Labrador. Wao wana mpango wao ulioanza kwa majaribio 2017 na kuwa wa kudumu Januari 2022. Huko lazima kwanza upate ajira kwa mwajiri aliyeidhinishwa kwenye mpango huo. Kazi yenyewe hainunuliwi. Sasa yule jamaa yangu wa milioni 12 alikuwa ananiuzia nini?

Manitoba nayo ina lake. Fundi anayeomba akiwa nje ya Kanada anatakiwa awe na uhusiano na jimbo: ndugu, rafiki wa karibu, au awe amewahi kusoma au kufanya kazi kule. Hapo nikaruka. Binti wa mjomba, binamu yangu kabisa, yuko Winnipeg, mji mkuu wa Manitoba, miaka sita sasa. Analea wazee. Sikuwahi kumfikiria hata siku moja kwa sababu kila nikiota Kanada naiota Toronto!

Wanaopenda Australia nao wajue: kule kuna viza inayoitwa 491. Unapewa miaka 5, lakini ukae na kufanya kazi nje ya Sydney, Melbourne na Brisbane. Ukitimiza miaka 3 na masharti, unaomba ukaaji wa kudumu. Ni habari ileile ya Zuzu yao.

Asubuhi tukampigia binamu, mjomba akasikiliza pembeni. Hakunipamba. "Januari huku ukingoja basi machozi yanaganda. Na umeme huwezi kugusa siku unayofika. Majimbo mengi fundi umeme lazima apate cheti chao. Unaweza kuanza kwa kubeba maboksi mwaka mzima. Kama unakuja Manitoba ili utorokee Toronto, niambie sasa, maana jina langu ndilo litakuwa kwenye fomu."

Hapo msomaji ndipo penye utamu na uchungu. Ukishapata ukaaji wa kudumu, Katiba yao ya 1982 inakuruhusu kuishi jimbo lolote. Ila jimbo linakuteua kwa ahadi kwamba unakuja kukaa. Ukisaini huku moyoni una safari nyingine, umedanganya, na uongo kwenye fomu za uhamiaji za Kanada unaweza kukufungia mlango miaka 5.

Mjomba akasema yake. "Mwaka 1973 walipotangaza makao makuu yanakuja Dodoma, watu walicheka. Hata serikali ilipohamia kwa kishindo mwaka 2016, wapo waliokuja Jumatatu wakarudi Dar Ijumaa, mke Dar, moyo Dar. Wengine walikuja wakanunua kiwanja, wakapanda miti. Leo Dodoma ni jiji. Nani ana nyumba na nani ana tiketi tu?"

Sikujibu. Nilikuwa natazama ekari za mama na ile minara nyuma yake.

Nikampigia jamaa wa Dar. Nikamuuliza swali moja: hiyo barua yangu ya kazi ni ya jimbo gani na mwajiri gani? Akasema hayo nitayajua nikishalipa. Nikamuuliza tena. Akakata. Mpaka leo simu yake haipatikani, na wiki yake moja imeshapita.

Uamuzi wangu ndio huu. Naanza na mtihani wa Kiingereza na kuthibitishiwa vyeti, vitu ninavyoweza kulipia kwa mshahara wangu. Fomu zangu zitaandikwa Manitoba, baridi na yote, kwa sababu ndiko nina mtu na ndiko nimekubali moyoni kukaa. Jimbo likiniita na kutaka kuona fedha za kuanzia maisha, ndipo mimi na mjomba tutazungumza habari za nusu ekari. Siyo kabla.

Na wewe unayejiandaa, kabla hujauza kitu cha mama yako, jiulize mambo mawili. Mkononi una ufunguo gani: ndugu, ajira, au fani inayotafutwa? Na mlango huo ukifunguka, huko ndani unapaweza?

Wakati naondoka mjomba alinifungia kopo la karanga. Akasema, "Mjomba, msalimie huyo binti. Mwambie shamba lipo."