Karani Asiyetoka Nje ya Uzio

Orodha ya kazi zangu za kila siku haitoki nje ya uzio wa nyumba yangu, hapa Mkolani. Nikiandika jambo kwenye simu nikiwa ndani ya daladala, hubaki humo mpaka nifike nyumbani. Simu ikishanasa Wi-Fi ya sebuleni, programu iitwayo Syncthing huitambua kompyuta na kuihamishia faili moja kwa moja, bila intaneti na bila seva ya kampuni yoyote katikati.

Faili lenyewe ni maandishi matupu, kwa mtindo wa todo.txt ulioanzishwa na Gina Trapani wa Marekani mwaka 2006: kazi moja, mstari mmoja, na mstari unaoanza na herufi x umekamilika. Kila alfajiri saa kumi na moja kompyuta huipanga orodha upya. Kazi za leo huja juu. Zilizokwisha huhamia kwenye kumbukumbu.

Kilichonichukua muda ni saa. Mashine huanza kuihesabu siku usiku wa manane; sisi huanza jua linapochomoza. Mwanafunzi akiniandikia "tuonane saa tatu asubuhi", mashine inapaswa kufundishwa kuwa amesema 09:00. Programu fupi niliyoiandika husoma maneno asubuhi, mchana, jioni na usiku, kisha hufanya hesabu. Neno "usiku" ndilo gumu: saa nne usiku ni 22:00, lakini saa nane usiku ni 02:00 ya tarehe inayofuata, ingawa kwetu usiku ni ule ule mmoja. Mistari hiyo michache naionea fahari kuliko baadhi ya makala zangu za kitaaluma.

Wenzangu huniuliza kwa nini nijisumbue ilhali programu za bure zimejaa. Jibu langu la siku zote lilikuwa faragha. Orodha ya kazi humwambia mgeni unaumwa nini, unadaiwa na nani, unakutana na nani. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inalitambua hilo, walau kwa maandishi.

Jibu la pili lilikuja na uchaguzi mkuu. Tarehe 29 Oktoba 2025 intaneti ilizimwa nchi nzima. Ilianza kurejea tarehe 3 Novemba. Jirani yangu mwenye duka la vifaa vya ujenzi, ambaye madeni na oda zake zote zimo kwenye jedwali la mtandaoni, alikuja kuuliza kama mfumo wa mwalimu nao umelala. Haukulala. Kila alfajiri uliniletea kazi kama kawaida: soma sura ya tatu ya tasnifu, andaa muhtasari wa kikao.

Uhodari huo ulinikera. Watu walikuwa wakiulizana nani amerudi nyumbani na nani hajarudi, nayo mashine inanidai muhtasari. Niliifuta orodha ya siku ile kwa mkono, nikaandika majina ya vijana ninaowasimamia tasnifu, kila jina na mstari wake. Sikuweka saa. Hali iliporuhusu nilitoka kwa miguu, kuanzia vyumba vya kupanga vilivyo nyuma ya barabara kuu ya Shinyanga, nikiweka x kila nilipomkuta mtu, au mwenzake aliyemwona kwa macho.

Alfajiri iliyofuata kompyuta iliwahamishia kwenye kumbukumbu wale waliopatikana, kama ilivyoagizwa, na juu kabisa yakabaki majina manne. Mawili niliyapata siku hiyo, Buhongwa. La tatu lililetewa habari na dada yake. Wa nne aliandika tarehe 4 Novemba, akiwa kwao Sengerema, akiomba radhi kwa kuchelewesha sura ya tatu.